Kuotesha Seli za Misuli Mbeya: Kipokezi Ndicho Kinachoamua

Peptidi, yaani vijiprotini vinavyobeba ujumbe kwa seli, hubisha hodi tu. Kitakachotokea ndani ya seli ya msuli kinategemea vipokezi vilivyo kwenye utando wake na hatua ambayo seli yenyewe imefikia. Wanaoanza kuotesha seli hizi hulisahau hilo, wakaongeza dozi pale ambapo tatizo ni wakati.

Chukua msuli wa paja uliochanika, tuseme wa mbeba gunia la viazi pale Uyole. Nyuzi zenyewe hazigawanyiki. Kazi ya ukarabati ni ya seli satelaiti, zile alizozieleza Alexander Mauro mwaka 1961, ambazo hulala zimebanwa kati ya uzi na ganda lake la nje. Jeraha huifungua HGF, protini ya kuchochea ukuaji, iliyonasa kwenye tishu inayozunguka nyuzi. HGF hushika kipokezi kiitwacho c-Met, na seli huamka. HGF ikiendelea kubaki nyingi, seli huendelea kugawanyika na huchelewa kukomaa. IGF-1, kichocheo cha ukuaji kinachofanana na insulini, ndiyo inayonivutia zaidi: kipokezi chake ni kimoja, ila ndani ya seli hufungua njia mbili za ishara, zinazoitwa kwa majina ya protini zake. Ya ERK husukuma seli zizaliane, ya PI3K na Akt husukuma zikomae na kuungana. Seli haiwezi kufanya yote mawili kwa pamoja. Ili ikomae, lazima kwanza iache kugawanyika. Breki ya ukuaji wa msuli ni miostatini, protini inayoshika kipokezi cha aktivini IIB. Ng'ombe wa Belgian Blue wana hitilafu kwenye jeni ya miostatini, ndiyo maana wamejaa minofu kiasi kile.

Kwa vitendo, tumia C2C12, seli za panya zilizotokana na kazi ya Yaffe na Saxel ya mwaka 1977. Panda seli 100,000 kwenye sahani ya milimita 35, ndani ya DMEM (lishe ya maji ya kuoteshea seli) yenye gramu 4.5 za glukosi kwa lita na asilimia 10 ya seramu ya ndama aliye tumboni. Zikifunika asilimia 80 hadi 90 ya sahani, suuza mara mbili kwa PBS (maji ya chumvi yenye pH iliyodhibitiwa) vuguvugu, kisha weka DMEM yenye asilimia 2 ya seramu ya farasi. Kuanzia siku ya kwanza au ya pili mayojenini, protini inayoonyesha kuwa seli inakomaa, hupanda. Ya nne hadi ya sita utaona seli zilizoungana kuwa mirija mirefu yenye viini vingi. Badilisha lishe kila baada ya siku mbili, ukiimimina taratibu kwenye ukuta wa sahani, maana mirija iliyokomaa hubanduka kirahisi.

Kosa baya kuliko yote ni kuacha akiba ya seli ijae hadi zibanane. Zenye uwezo wa kuungana hukomaa na kutoka kundini, unabaki na zisizoungana, na hakuna peptidi itakayoziokoa. Zigawe zikiwa asilimia 60 hadi 70.

IGF-1 ni ghali na husafirishwa kwenye baridi. Insulini ya famasi inaweza kushika nafasi yake, kwa sababu ikiwa nyingi hushika kipokezi cha IGF-1 pia. Chukua ile angavu ya uniti 100 kwa mililita, si ile yenye ukungu. Uniti 100 ni karibu miligramu 3.5, hivyo mikrolita 29 kwenye mililita 10 za lishe hukupa mikrogramu 10 kwa mililita. Mara nyingi huhifadhiwa kwa metakresoli. Sahani ya kulinganishia nayo iwekewe kiasi kilekile cha kihifadhi hicho, la sivyo hutajua umepima nini. Haya ni ya sahani tu. Anayejichoma insulini ili ajenge misuli anaweza kuishiwa sukari mwilini na kufa, na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zisizoruhusiwa michezoni, imezipiga marufuku IGF-1 na dawa za kuzuia miostatini kwa wanamichezo.

Kisha kuna mwinuko wetu. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa ni karibu kilopaskali 82 badala ya 101. Asilimia 5 ya kaboni dayoksaidi, ile ya ndani ya inkubeta (kabati la joto la kuoteshea seli), hapa ni gesi pungufu kuliko asilimia 5 ya Dar es Salaam, kwa hiyo lishe huelekea ualkali na rangi yake hugeuka waridi-zambarau. Kiasi kinacholingana na kile cha pwani ni kama asilimia 6, ila pima pH yenyewe kabla ya kugusa kitufe, kwani baadhi ya vipimo vya inkubeta navyo huyumbishwa na mwinuko. Otoklevu (chombo cha mvuke cha kuua vijidudu) ya kusoma geji haifiki nyuzi 121 kwa kanieneo ya psi 15. Huku inahitaji karibu 18. Ukifuata maelekezo ya pwani, ukungu utakufikia kabla ya siku ya nne.

Kupima seli zilivyoungana hakuhitaji hadubini ya fluoresensi. Kaza seli kwenye sahani kwa methanoli dakika 5, acha ikauke, tia rangi ya Giemsa ya asilimia 10 kwa dakika 10, ileile ya slaidi za malaria. Hesabu viini vilivyomo kwenye mirija yenye viini vitatu au zaidi, gawanya kwa viini vyote, katika sehemu tano ulizochagua bila kupendelea. Anayehesabu asijue sahani ipi ilipata insulini.