Liemba ukutani

Jana natoka Kibirizi hapa Kigoma kununua dagaa nikakuta kijana anachora meli ya Liemba, ile ya Ziwa Tanganyika, kwenye ukuta wa duka, aisee nikasimama pale karibu saa nzima na dagaa zangu mkononi. Alishapiga mistari ya miraba kwa chaki ukuta mzima, anajaza mraba mmoja mmoja, bluu ya ziwa anaichanganya kwenye kopo la maziwa.

Yani hii meli ina historia nzito. Ilijengwa Ujerumani 1913, ikaletwa vipande vipande kwenye maboksi ikaungwa hapahapa Kigoma, 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha isichukuliwe na maadui zao, Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikaanza kupiga kazi tena kwa jina la Liemba. Watoto wangapi wa hapa mjini wanalijua hilo?

Akapita mzee mmoja, tukamwamkia, akaitikia huku anaukazia macho ukuta. Akasema, "Mjukuu wangu, mbona mitumbwi hujaiweka?" Ni kweli kabisa, maana vijiji vingi vya mwambao havikuwa na gati, meli ilikuwa inasimama mbali na watu wanaifuata kwa mitumbwi na mizigo yao, gunia, kuku, madumu ya mawese, wanapandia majini.

Kijana akafuta miraba miwili pale chini akaanza upya. Mi naomba wenye kuta pale Ujiji nao wamwite, ule mwembe walipokutania Livingstone na Stanley 1871 uchorwe, na misafara ya pembe za ndovu pia, na waliobebeshwa zile pembe wawemo.