Dhahabu Ilitoka Wapi?

Jumamosi usiku, na Baba Chebet bado hajanitoka kichwani. Wiki hii Baraka ameripoti kazini Naivasha, shemeji ametoka hospitali, mwenye duka amesema huenda tukahamia jengo lingine, na hayo yote yamenipita tu. Kilichonikaa ni swali la mzee mmoja, lililoulizwa kwa sauti ya mtu anayeomba kuongezewa sukari.

Mnajua Jumatano ilikuwa zamu yangu ya kufundisha Biblia, nyumbani kwa Mama Wambui kule Free Area, hapa Nakuru. Nilikuwa nimejiandaa barabara. Somo: Yeroboamu mwana wa Nebati, 1 Wafalme 12. Nikaanza na Rehoboamu, mwana wa mfalme Sulemani, aliyeombwa na watu awapunguzie mzigo akawajibu kwamba kidole chake kidogo ni kinene kuliko kiuno cha babake. Makabila ya kaskazini yakamwacha na kumtawaza Yeroboamu. Huyu naye alikuwa ameshaahidiwa na nabii Ahiya kwamba akimtii Mungu nyumba yake itasimama, lakini akaingiwa na hofu: watu wakiendelea kupanda Yerusalemu kutoa dhabihu, mioyo itarudi kwa Rehoboamu, na mimi wataniua. Akatengeneza ndama wawili wa dhahabu, mmoja Betheli, mwingine Dani. Akawaambia watu Yerusalemu ni taabu kwenu, miungu yenu ndiyo hii hapa.

Somo lilishika. Kila mtu pale sebuleni alikuwa na Yeroboamu wake mfukoni. Huyu akamtaja wa kaunti, yule wa Nairobi, mwingine akasema hata kwenye bodi ya shule wamo. Nikawaonyesha jinsi wafalme wa kaskazini waliofuata, karibu wote, wanavyopimwa kwa kipimo hichohicho: walishika njia ya Yeroboamu aliyewakosesha Israeli. Hata Yehu, aliyewamaliza waabudu Baali, wale ndama aliwaacha pale pale. "Serikali mpya, ndama wale wale," nikasema, na nikapigiwa makofi. Nilifurahi, kwa nini nifiche.

Ndipo Baba Chebet akaweka kikombe chini.

"Mama Baraka, nikuulize kitu kidogo."

"Uliza tu, mzee."

"Hiyo dhahabu ilitoka wapi?"

"Biblia haijasema, mzee."

"Ile ya Haruni imesema."

Akachukua kikombe chake akaendelea kunywa. Mama Wambui akasema tufunge na maombi, mvua inakuja.

Ni hayo tu. Lakini njia nzima hadi stage nilikuwa namjibu mzee ambaye hakuwepo. Alhamisi napima chakula cha kuku huku namjibu. Mteja ananiuliza bei ya dawa ya kupe, mimi niko Betheli. Kilichoniudhi ni kwamba niliona anamfungulia mfalme mlango wa nyuma. Ukianza kuuliza watu walitoa nini, kesho kiongozi atasimama aseme ni nyinyi mlitaka. Tena Yeroboamu hakuwa mtu wa kusubiri mchango! Kabla ya kukimbilia Misri kwa Shishaki, Sulemani alikuwa amemweka kusimamia kazi za shokoa, yaani za kulazimishwa, za nyumba ya Yusufu. Kukamua watu alikujua vizuri. Na ukuhani aliufanya wa yeyote anayeutaka. 2 Mambo ya Nyakati 13 inasema ulikuja na ndama dume na kondoo waume saba, unakuwa kuhani. Mtu aliyefungua duka la makuhani, hivi kweli lawama tuwagawie waliopanga foleni?

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimepanga kumwambia. Basi mchana, duka likiwa limetulia, nikafungua Kutoka 32, habari ya ndama wa dhahabu wa Haruni, nipate kumalizana naye.

Watu ndio waliovunja vipuli vya dhahabu masikioni mwao wakamletea Haruni. Sawa, hilo nililijua. Nilichokuwa nimesahau ni utetezi wake Musa aliposhuka mlimani. Sura ileile imetoka kutuambia kwamba aliichora kwa patasi, halafu mwenyewe anasimama anasema: walinipa, nikaitupa motoni, akatoka ndama huyu. Akatoka! Nilicheka peke yangu nyuma ya kaunta mpaka kijana wa mkokoteni akachungulia kuona kama niko salama. Ni lugha tunayoisikia kwenye taarifa ya habari kila siku. Pesa zilikuwepo, zikaingia mahali, kikatoka kitu.

Hasira ikaniisha, na hapo ndipo swali likaanza kunisumbua vizuri. Nikatazama ramani iliyo nyuma ya Biblia. Dani iko mbali sana kaskazini, hiyo naelewa. Lakini Betheli na Yerusalemu ni kilomita kama 17, karibu sawa na hapa mjini na Njoro. Aliyetoka Shekemu kule kaskazini kwenda Yerusalemu, akifika Betheli amekwisha kula zaidi ya nusu ya safari. Kwa hiyo ile hadithi ya taabu ya njia, mtu mwenye miguu alijua ni uongo, na bado alifika Betheli akaona inatosha. Na wapo waliokataa. Walawi waliacha malisho na mali zao wakahamia Yuda, na watu wa makabila mengine wakawafuata. Yeremia, miaka mingi baadaye na huko kusini, anasema manabii wanatabiri uongo, na watu wangu wanapenda iwe hivyo.

Bado nasema mfalme ndiye mwenye deni kubwa. Jina lake ndilo limeandikwa, la waliobeba kondoo saba halipo.

Ila nimekumbuka harambee yetu ya mabati, siku ile mheshimiwa alipokuja na bahasha, kwaya ikaimba wimbo mara mbili na akina mama tukamvisha leso. Baba Chebet hakuinuka. Tulidhani ni goti. Leo asubuhi amekuja dukani, nikajiandaa, moyo unadunda. Akanunua mbegu za sukuma, akaniuliza kama zile za mwezi uliopita zilikuwa za zamani maana hazikuota vizuri, akaenda zake.

Stima imepotea tangu saa moja jioni na mtaa wa duka pia uko gizani, nimepiga simu kwa askari wa usiku amethibitisha. Chanjo ya kideri, ule ugonjwa wa kuku, ya wiki nzima iko kwenye friji ya dukani, na Jumatatu kuna watu wa Rongai wanaikujia.