Dalda 13: mama wa sari aliyepiga picha India inajitawala

Homai Vyarawalla. Jina gumu kidogo kulitamka na wengi wetu huku hatulijui kabisa, ila kama umewahi kufuatilia picha za Gandhi na Nehru, waziri mkuu wa kwanza wa India, za miaka ile ya uhuru wa India basi kuna uwezekano mkubwa umeshaona kazi ya huyu mama bila kujua ni yake. Ndiye anayetajwa kuwa mwanamke wa kwanza India kufanya kazi ya mpiga picha wa habari.

Kazaliwa 1913 Navsari, Gujarat, Mparsi, yani Wahindi wenye asili ya Uajemi, watu haohao wa kina Freddie Mercury, yule mwanamuziki mzaliwa wa Unguja. Baba yake alikuwa mwigizaji wa kundi la maigizo la kuzunguka mji hadi mji, unaweza kuelewa hali ya mfukoni ilivyokuwa. Akasoma Bombay, hadi chuo cha sanaa cha J.J., na kamera akafundishwa na Manekshaw, kijana aliyekutana nae akiwa na miaka 13 tu na ndo aliyekuja kumuoa.

Sasa hapa ndo panaponichoma. Picha zake za mwanzo zilitoka kwenye jarida la Illustrated Weekly of India kwa jina la mume! Mwanamke, tena hajulikani, ati nani atamchukulia siriazi. Baadae akajitafutia jina lake la kazi, Dalda 13, na hili nalipenda mpaka basi: mwaka wa kuzaliwa 13, umri aliokutana na mume 13, na gari lake la kwanza lilikuwa na namba DLD 13. Wengine wanaikimbia hiyo namba, yeye kaibandika kwenye picha.

1942 wakahamia Delhi, akaanza kazi kwenye idara ya habari ya Waingereza huku anapiga na mishe zake za pembeni. Mji mzima anauzunguka kwa baiskeli, kavaa sari, na makamera ya enzi zile hayakuwa ya kutia mfukoni, Speed Graphic peke yake ni mzigo wa kukuvunja bega. Watu wanamshangaa, wanadhani anacheza tu au anajishaua na kamera, na yeye mwenyewe alikuja kusema kule kudharauliwa kulimsaidia maana alikuwa anapita mpaka sehemu nyeti na hakuna anayemzuia. Wao wanacheka, yeye anapiga picha.

Na alipiga kweli. Kikao cha viongozi wa chama cha Congress walipopigia kura kuigawa nchi iwe India na Pakistan 1947 alikuwepo. Bendera ya India inapandishwa Red Fort, ile ngome kongwe ya Delhi, Agosti 1947, yupo. Mountbatten, mtawala wa mwisho wa Waingereza India, anaondoka, yupo. Dalai Lama bado kijana anaingia India 1956 kupitia Sikkim, yupo. Malkia Elizabeth, Jackie Kennedy, Ho Chi Minh, wote wamepita mbele ya lenzi yake. Lakini mtu aliyempenda kumpiga ni Nehru, alikuwa anasema yule mzee picha zinamkubali. Kuna moja Nehru yuko ndani ya ndege, sigara mdomoni, anamuwashia sigara mke wa naibu balozi wa Uingereza. Waziri mkuu! Leo hiyo picha ingefutwa na walinzi kabla hujashuka ngazi za ndege.

Iliyomkaa rohoni ni ile ambayo hakuipiga. Tarehe 30 Januari 1948 alikuwa anaenda kwenye sala ya Gandhi pale Birla House, mumewe akamwambia ngoja tutaenda wote kesho. Siku hiyohiyo Gandhi akapigwa risasi. Mazishi aliyapiga ila ile siku aliijutia mpaka uzeeni.

Mume alifariki 1969, na 1970 mama akaweka kamera chini, jumla. Sio kwamba macho yalikuwa yamechoka au kazi zimekata, alichoka na tabia za wapiga picha wapya. Anasema wao walikuwa na utaratibu, hata mavazi yalikuwa na heshima yake na wanaheshimiana kazini, hawa wapya wanawaza hela ya harakaharaka tu. Miaka 40 na ushee iliyobaki hakupiga tena. Wapo wanaoona alikuwa na hasira za kizee, mimi namuelewa bwana, nenda harusi yoyote Dar uone wapiga picha wanavyopigana viwiko mbele ya maharusi mpaka mama mzazi haoni pete ikivishwa.

Akaishi Vadodara, mtoto wake wa pekee alipofariki 1989 akabaki peke yake, anaendesha gari mwenyewe hadi uzee mkubwa. 2011 serikali ikampa Padma Vibhushan, nishani ya pili kwa ukubwa kwa raia India, na Januari 2012 akafariki ana miaka 98. Kazi zake kaziacha kwa taasisi ya Alkazi, Delhi. Anza na ile ya Nehru na sigara, halafu itafute ya Nehru anarusha njiwa.