Jioni Nilipoliona Jua Likibadili Sauti

Hadi mwaka 2015 nilikuwa naujua mzunguko wa Jua wa takriban miaka 11 kwa madoa tu, yale mabaka meusi ya usoni mwake, kama alivyoutangaza mwangalizi wa Jua Heinrich Schwabe mwaka 1843: madoa huongezeka, hupungua, kisha huongezeka tena. Mwalimu aliyenisimamia hakutosheka na hilo. "Madoa ni ya usoni, mwanangu," aliniambia. "Mimi nataka habari za ndani."

Habari za ndani huletwa na mitetemo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mwanafizikia Robert Leighton na wenzake waligundua kwamba uso wa Jua hupanda na kushuka kila baada ya dakika tano hivi. Baadaye ikaeleweka kwamba hayo ni mawimbi ya sauti yaliyonaswa ndani ya Jua. Kila aina ya wimbi ina masafa yake, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, na huzama hadi kina chake, kwa hiyo ukiyapima masafa unapata habari za mahali ambapo hakuna darubini itakayofika.

Nilitumia majedwali ya GONG, mtandao wa vituo sita vilivyotawanywa duniani ili kukiingia usiku hapa, kwingine Jua liwe linaonekana. Umekuwa ukipima tangu 1995, na kila jedwali hutokana na siku 108 za uangalizi. Kazi yenyewe ilichosha. Nilichukua masafa ya kipindi cha utulivu cha mwaka 2008 kuwa msingi, nikayatoa katika masafa ya vipindi vingine vyote, kisha nikatafuta wastani. Tofauti niliyokuwa naiwinda haifiki hata nusu mikrohezi (mikrohezi ni sehemu moja ya milioni ya hezi), ndani ya masafa ya karibu mikrohezi 3,000.

Jioni ile nikaiamuru kompyuta ichore.

Mstari ulipanda hadi miaka ya 2000 na 2001, ukateremka polepole, ukalala chini 2008, halafu ukapanda tena kufikia 2014, safari hii kilima kifupi zaidi. Nikaweka hesabu ya madoa juu yake. Vilikwenda sambamba. Sikuweza kuketi. Jua lote, lenye kipenyo cha kilomita takriban milioni 1.4, lilikuwa limepandisha sauti yake na kuishusha, kama ngoma inayokaza ngozi ikioteshwa moto. Kinachoikaza hapa ni sumaku: shughuli zake zinapozidi, mawimbi hupita katika mazingira yaliyobadilika, na masafa hupanda.

Nilimwita Mwalimu. Aliutazama mchoro kwa muda mrefu, kisha akasema, "Sasa tenganisha masafa ya juu na ya chini."

Nikatenganisha. Ya juu yalikuwa yamebadilika zaidi, na hapo ndipo penye utamu wa fani hii, kwa maana mawimbi ya masafa ya juu ndiyo yanayokaribia uso zaidi kabla ya kugeuka. Kwa hiyo sehemu kubwa ya badiliko la miaka 11 inatoka karibu na uso. Huwezi kuligundua hilo kwa kuhesabu madoa, hata uhesabu kwa karne nzima.

Nilipoulainisha mstari na kuuondoa ule mwinuko mkubwa, kulibaki mawimbi madogo katika mchoro, ya kupanda na kushuka kila miaka miwili hivi, yenye nguvu zaidi wakati wa kilele. Nilidhani ni kelele za vipimo. Mwalimu akanionyesha makala ya mwaka 2010 ya Fletcher na wenzake, waliotumia data za BiSON, mtandao mwingine wa vituo vya kupima mitetemo ya Jua, na za chombo cha GOLF kilichomo kwenye setilaiti ya SOHO. Nao waliyaona. Zaidi ya hapo, walikuta kwamba badiliko hili dogo halitegemei sana masafa kama lile kubwa, wakapendekeza kuwa huenda kuna chanzo cha pili cha sumaku, karibu na chini ya tabaka linaloanzia usoni na kuishia asilimia 5 ya njia ya kuelekea kitovu.

"Huenda," Mwalimu alirudia, akigonga neno hilo kwa kidole.

Nikamwomba mada hiyo iwe tasnifu yangu. Akakubali palepale.