Swichi Iliyochoka

Mwaka 2014 mali yangu ya kazi ilikuwa baiskeli moja, koleo la kubania vichwa vya kebo za mtandao, vile vya RJ45, tesita ya kebo yenye taa nane, na kompyuta ya mapajani ambayo betri yake ilikuwa haikai na chaji hata nusu saa. Wateja nilikuwa nao watano. Mkubwa wao alikuwa wakala mmoja wa forodha, mjini, upande wa bandarini: wafanyakazi saba, kompyuta saba, printa moja ya wote. Kila asubuhi nilipotoka kwetu Ngamiani, Tanga, barabara ya 12, nikavuka reli kuingia mjini na lile begi mgongoni, nilijiona fundi hasa.

Simu ilikuja Julai, Ramadhani imeingia kumi la pili. Alikuwa mwenye ofisi mwenyewe.

"Fundi, njoo. Mtandao umekufa nusu."

Nilidhani anatania. Nilipofika nikakuta kweli umekufa nusu. Vijana wawili wanaofungua ofisi saa mbili kasoro walikuwa wanasoma barua pepe zao bila taabu. Walioingia saa tatu na kuendelea hawana intaneti, na printa hawaioni. Mzee akasimama katikati ya chumba, mikono kiunoni. "Huu mtandao gani unaochagua watu? Au na wenyewe unawachukia wachelewaji?"

Vijana wakacheka. Mimi pia nilicheka, na jibu lote la tatizo lilikuwa ndani ya utani ule.

Nikazima ruta, kile kifaa kinacholeta intaneti na kuzigawia kompyuta anwani zao za mtandao, nikahesabu mpaka thelathini, nikawasha. Wengine wakapata mtandao. Nikaaga. Kesho yake saa nne simu ikalia tena.

Siku ya pili nikaanza na kebo. Hapa niseme kwamba sikuwa mjinga kabisa. Tanga hewa ina chumvi, na ofisi iliyo karibu na maji haipiti miaka mingi kabla vile vijino vya shaba kwenye vichwa vya kebo havijaanza kuota ukijani. Nilichomoa vichwa viwili vitatu nikaukuta huo ukijani, nikafurahi kama daktari aliyeona minyoo kwenye darubini. Nikakata vyote. Waya kwa waya, nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia: nilivibana upya kimoja kimoja, nimepiga magoti sakafuni, kusi linavuma nje, koo limekauka, na adhuhuri ikapita. Tesita ikawasha taa zote nane kila kebo. Saa kumi nilipoondoka kila kitu kilikuwa kinafanya kazi.

Kesho yake, simu.

Nilifungua lile dirisha jeusi la amri kwenye kompyuta iliyogoma, nikaandika ipconfig, amri ya kuuliza kompyuta anwani yake. Ikanipa anwani inayoanza na 192.168. Nikaridhika. Nilikuwa natafuta ile 169.254 ambayo kompyuta hujipa yenyewe ikikosa wa kuipa anwani; nilipoona si hiyo nikasema basi, anwani ipo, shida iko kwingine. Namba ya tatu sikuitazama. Mtu anasoma jina la ukoo wa kwanza na wa pili, anaruka la tatu, halafu anashangaa mbona huyu mgeni si wa nyumba hii.

Katika kuzunguka kwangu nilikuwa napita meza zote isipokuwa moja, ya Mama Mhasibu, iliyo chumba cha nyuma. Sikuwa na sababu ya kwenda. Kompyuta yake haikuwahi kusumbua hata mara moja. Yake na printa nilikuwa nimezipa anwani za kudumu kwa mkono wangu tangu mwanzo, kwa sababu ya programu ya hesabu ambayo wengine huifungua kupitia kwake. Isitoshe, nilikuwa namkwepa. Mwezi Mei alinishika mlangoni. "Mwanangu, huku kwangu waifai haifiki kabisa." Ni kweli isingefika: jengo ni la zamani, kuta za mawe ya matumbawe, nene kama urefu wa mkono. Nikamwambia, "Nitakuja, Mama." Juni akanikumbusha. Nikamwambia nitakuja. Wenye kazi ya kulipa haraka walikuwa wananipigia, naye alikuwa anaomba tu.

Kwa hiyo nikaihukumu swichi, kile kisanduku kinachounganisha kebo za ofisi. Ilikuwa swichi ya matundu 8, imekaa juu ya kabati miaka kadhaa ikila vumbi, na ukiigusa ilikuwa ya moto kidogo. Nikamwambia mzee, kwa sauti ya mtu anayejua, "Hii imechoka." Akatoa shilingi 45,000 ya kununua mpya na 30,000 ya mkono wangu. Alhamisi nikaifunga. Ijumaa, kimya. Jumamosi, kimya. Jumatatu mzee akanipigia kunishukuru, akaniambia kuna rafiki yake mwenye duka la vipuri anataka fundi wa uhakika, amempa namba yangu. Jioni ile nilifuturu kwa raha sana.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba tangu Jumatano Mama Mhasibu alikuwa Pangani, kwenye msiba.

Jumanne akarudi. Saa tatu na robo simu ikalia, na safari hii mzee hakusema "fundi njoo". Alisema, "Kijana, mbona mambo ni yale yale?"

Nilipanda baiskeli nikiwa sina hata pa kuanzia. Nikakaa kwenye meza ya kijana mmoja aliyechelewa, nikachomeka kebo yake kwenye kompyuta yangu, nikaandika ipconfig tena. Nikasoma polepole, namba kwa namba, kama mtoto wa chuoni na juzuu yake. 192.168.0.104. Lango, yaani njia ya kutokea kwenda intaneti: 192.168.0.1.

Ofisi ile niliijenga mimi, na niliijenga kwa 192.168.1. Ruta yangu ni 192.168.1.1, printa ni 192.168.1.20. Hiyo sifuri imetoka wapi?

Nikaandika 192.168.0.1 kwenye kivinjari. Ukafunguka ukurasa wa ruta ambayo sijawahi kuiona maishani mwangu, ikaniomba jina na neno la siri. Nikajaribu admin na admin. Ikafungua. Nywele zilinisimama. Ndani ya nyumba kulikuwa na ruta ya pili, iko hai, inagawa anwani kwa kila anayebisha hodi. Kompyuta ikiwashwa huuliza mtandao mzima, nani atanipa anwani? Wa kwanza kujibu ndiye anayesikilizwa. Ukijibiwa na ruta yangu, una intaneti. Ukijibiwa na hii nyingine, unaelekezwa kwenye lango lisilokwenda popote, na printa iko mtaa mwingine. Waliowahi kabla ruta hiyo haijawashwa walikuwa na anwani zao halali, wametulia. Wachelewaji ndio waliokuwa wakibahatisha.

Nikaanzisha ping isiyokoma, yaani kuuliza "upo?" tena na tena, kwenda 192.168.0.1, majibu yakawa yanateremka kwenye kioo. Nikamwomba kijana ayatazame, mimi nikaenda kwenye ile swichi mpya nikawa nachomoa kebo moja baada ya nyingine. Ya kwanza, "Bado inajibu!" Nikairudisha. Ya pili, ya tatu, ya nne, bado. Ya sita akapiga kelele, "Imekata!"

Kebo ya sita inakwenda chumba cha nyuma.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekumbuka leo kuja kunitazama waifai yangu?"

Ilikuwa nyuma ya mafaili, imefunikwa kipande cha kanga isipigwe vumbi. Ruta ya nyumbani, ya mitumba, antena moja imelegea. Mpwa wake ndiye aliyeileta. Kebo ya ukutani kaiingiza tundu moja, nyingine fupi kaitoa kwenda kwenye kompyuta. Mama akifika anawasha swichi ya ukutani, vyote vinawaka pamoja, akiondoka anazima. Nikamuuliza kama simu yake inapata intaneti. "Siku nyingine inashika, siku nyingine haishiki," akasema, naye akabahatishwa kama wengine. Kisha akanionyesha alichokuwa anakitafuta: picha ya mjukuu wake wa kwanza, kazaliwa Maskati mwezi Juni, amefungwa kitambaa cheupe, macho hajafungua. Zilikuwa zinamfikia kidogo kidogo, nusu picha, nusu ukungu.

Kazi yenyewe ilinichukua dakika kumi. Niliingia kwenye ruta ile, nikazima ugawaji wa anwani, nikaipa 192.168.1.2, nikaweka neno la siri la maana, nikairudisha pale pale chini ya kanga. Ikawa kituo cha waifai tu, haigombanii kazi na mwenziwe. Simu ya Mama ikalia mfululizo, picha zikawa zinaingia zote.

Mzee alikuwa amesimama mlangoni muda wote.

"Kwa hiyo," akaniuliza, "ile swichi ya zamani ilikuwa mbovu au haikuwa mbovu?"

Mama Mhasibu akanyanyua macho juu ya miwani.

"Ilikuwa imechoka, mzee," nikasema. Na swaumu yangu.

Mama hakusema neno. Nilipokuwa nafunga begi akaniambia magharibi nipite kwake, kuna uji wa pilipili manga na kaimati. Nilipita. Hakunigusia habari ile, alinijazia bakuli mara mbili.

Swichi yenyewe nilikuwa nimeondoka nayo siku ile ya Alhamisi. Ninayo mpaka leo, nimeichomeka nyuma ya televisheni, taa zake zote zinawaka.