Nilivyogawa jiko, meza ya chakula na sebule ndani ya chumba kimoja cha mita 8

Chumba ni mita 4 kwa 8, katika ghorofa la kupanga Dar es Salaam. Mwisho mmoja kuna jiko, dirisha lake linatazama kaskazini. Mwisho wa pili kuna mlango wa balkoni, unatazama kusini. Mlango wa kuingilia uko kwenye ukuta mrefu, mita 3 kutoka ukuta wa jiko. Katikati hapana ukuta hata mmoja.

Wengi wakikabidhiwa chumba cha namna hii huanza na makochi. Mimi nilianza na njia ya kupita: mtu akitoka mlangoni kwenda balkoni anapita wapi? Nilibandika sakafuni utepe wa karatasi, ule wanaotumia mafundi rangi, nikachora njia ya sentimita 90 ikiambaa na ukuta wa mlango. Halafu nikachora kochi, meza na viti kwa vipimo vyao halisi, nikaacha hivyo siku tatu huku watu wakipita. Utepe wa pembeni mwa meza ulikanyagwa hadi ukabanduka, kwa hiyo meza nikaisogeza kabla haijanunuliwa.

Jiko lilichukua mita 2.4 za urefu, sehemu ya kula 2.4, sebule 3.2. Meza ya watu wanne ni sm 120 kwa 75. Kila upande wenye viti unahitaji angalau sm 80, ili anayekaa aweze kusogeza kiti nyuma bila kugonga kitu. Jumla ni sm 235, inaingia kwa shida, lakini inaingia. Ukiweka meza ya watu sita hapo, kila mtu anayeinuka atawainua na wenzake.

Kochi la watu watatu (sm 210, kina sm 85) sikulisukuma ukutani. Nililiweka mgongo ukiwa upande wa njia, uso ukitazama televisheni kwenye ukuta wa pili. Mgongo wa kochi ndio ukawa ukuta wa njia, wala hakuna anayekatiza mbele ya televisheni. Kutoka ukingo wa kochi hadi ukuta wa televisheni zinabaki mita 2.25, umbali unaofaa kwa inchi 55. Kati ya kochi na meza ndogo niliacha sm 45. Pungufu ya hapo magoti yanagonga.

Zulia la kwanza lilikuwa sm 120 kwa 170, likaonekana kama mswala uliosahaulika katikati ya ukumbi. Nililibadilisha na la sm 200 kwa 290, miguu ya mbele ya kochi ikakanyaga sm 25 za zulia, na ghafla sebule ikajulikana inaanzia wapi. Juu ya tailizi zulia huteleza, kwa hiyo chini yake kuna wavu wa mpira.

Kazi kubwa ilikuwa ya kuficha sinki, mtu wa mlangoni asilione. Nyumba za mawe za Lamu zililimaliza jambo hili zamani: mgeni anaanzia kwenye daka, yaani kibaraza cha mlangoni, na sakafu inapanda kidogo kidogo kadiri unavyoingia ndani. Kwenye ghorofa la kupanga huwezi kupandisha sakafu, na patisheni nzima ya jipsamu ingeziba upepo na baridi ya kiyoyozi, ambacho ni kimoja tu. Nilichagua mbao za wima zenye nafasi kati yake.

Mbao ni za paini, inchi mbili kwa nne. Zikishapigwa randa hubaki karibu sm 4.5 kwa 9.5. Nilitumia 11, zikiwa zimesimama kwa ubavu, nafasi za sm 7, jumla sm 119.5, kuanzia ukuta wa mlango kuingia ndani. Fundi asipime kila nafasi kwa futikamba, kwani kosa la milimita mbili likirudiwa mara kumi linakuwa sm 2. Akate kipande cha mbao cha sm 7 na kukitumia kama kipimo kila mara. Kwa kina cha sm 9.5, anayetazama kwa mshazari unaozidi nyuzi 36 hivi haoni nafasi kabisa, anaona mbao tupu. Mtu wa mlangoni analitazama sinki kwa mshazari wa nyuzi zaidi ya 40. Anayepika, akizitazama mbao hizo usoni, anaona meza na watoto waliokaa. Nafasi isizidi sm 9, maana mtoto hujaribu kupitisha kichwa.

Hapa mambo mawili yaliharibika. Mbao za kwanza zilikuwa mbichi. Ndani ya wiki mbili, mbao tatu kati yake zilipinda. Za pili zilikaa ndani ya nyumba wiki tatu, zikiwa zimepangwa na vipande katikati ili hewa ipite, ndipo zikapigwa randa. Pili, fundi alifunga ubao wa juu kwenye jipsamu tupu, na ukiugusa mmoja zote zinatetemeka. Ilibidi kutoboa hadi kwenye zege na kufunga kwa bolti ndefu. Sakafuni, gonga tailizi kwa sarafu kabla ya kutoboa: inayolia tupu chini haina saruji, itapasuka. Anza kutoboa kwa kekee bila kuwasha mpigo wake wa nyundo. Ukishavuka tailizi ndipo uuwashe.

Taa zote zilikuwa kwenye swichi moja, na chumba kikiwa na mwanga mmoja hakigawanyiki hata uweke nini. Fundi umeme alizitenga kuwa tatu. Jikoni kelvini 4000, mwanga mweupe, kwingine 3000, wenye unjano kidogo. Juu ya meza inaning'inia taa moja, kitako chake sm 75 kutoka mezani. Isikae karibu na pangaboi, itapepesuka usiku kucha. Wala taa za darini zisiwe juu ya mapanga yake, kivuli kinachokatakata kinaumiza macho.

Rangi ni moja kuta zote, isipokuwa nyuma ya meza. Pale nilikosea mwanzo nikaikata rangi katikati ya ukuta. Sasa inaishia kwenye ubao mwembamba uliopigiliwa wima, na inaonekana imekusudiwa.

Kilichobaki ni harufu. Feni ya kuvuta moshi iko sm 70 juu ya jiko la gesi, bomba lake la sm 15 linatoka nje moja kwa moja. Zile zinazochuja na kurudisha hewa ndani hazimwezi samaki wa kukaanga. Wakati wa kusi nafungua pande zote mbili, upepo unaingia balkoni na kutokea jikoni. Kaskazi ikianza, mwelekeo unageuka na kochi linanukia dagaa, kwa hiyo dirisha la jiko nalifunga, mlango wa balkoni nauacha wazi kidogo, na feni inaendelea kuzunguka dakika kumi baada ya kuzima gesi.