Mauzo yalikuwa yanapotea kila programu ikifungwa, nilivyotatua

Jamani hatimaye nimepumua. Nilimtengenezea shangazi mwenye duka Kikuubo, Kampala, kaprogramu ka Python ka kuandika mauzo, kanakaa kwenye flashi tu, hakataki intaneti. Kwa laptopu yangu, kabla sijakapaki kuwa exe, sawa, lakini dukani akikafunga, mauzo ya siku nzima hayapo, na mama wa watu ameshauza magunia.

Nikabadilisha flashi, nikazima antivairasi, nikapitia kodi ya SQLite (hifadhidata ya faili moja) nikidhani nimesahau commit, yaani amri ya kuhifadhi kabisa, wapi.

Basi nikaprinti faili ya data inakokaa, ndo nikaona folda inaanza na _MEI, ndani ya temp ya Windows. Kumbe ukipaki na PyInstaller (zana ya kugeuza kodi ya Python kuwa exe) kwa --onefile, yaani kila kitu faili moja, exe inajifungua kwanza kwenye folda ya muda, ukifunga inafutwa, na __file__, yaani mahali kodi ilipo, inaonyesha huko huko siyo kwenye flashi. Badala yake nikaweka os.path.dirname(sys.executable), yaani folda ilipo exe yenyewe, ila tu pale sys.frozen (alama kwamba kodi imepakiwa) ipo, maana kodi ikiwa haijapakiwa sys.executable ni Python yenyewe, hapo usikosee.

Nikapaki upya, tukafunga, tukachomoa flashi tukaichomeka kwa kompyuta ya jirani. Magunia 14 ya mchele, yapo palepale.